Ukitumiwa klipu ya nguvu ya Vril, vuta kamba mpaka nanga itoke

Juzi barazani Ngamiani mdogo wangu katoa simu, klipu inasema Wajerumani wa Hitler walikua na nguvu inaitwa Vril wanarushia visahani angani, na wameipata kwa watu wanaoishi chini ya ardhi. Mzee mmoja akadakia, ndo maana mapango ya Amboni hayana mwisho! Tanga hapa ukitaja Mjerumani na shimo kwa pamoja ushamaliza, kila mtu anawaza rupia, hela za enzi ya Mjerumani, zilizofukiwa.

Sasa usibishane, utachoka bure. Lishike lile jina tu, Vril, halafu uliza kabla ya hapa lilitajwa wapi, ukipata jibu uliza tena. Na angalia mwaka kilipoandikwa kitu, sio siku klipu ilipopandishwa, hapo ndo wengi wanapigwa.

Visahani vinakupeleka kwenye vitabu vya miaka ya 1990. Vuta tena, unafika Ufaransa 1960, waandishi Louis Pauwels na Jacques Bergier wanasimulia chama cha siri cha Vril huko Berlin. Wamekitoa wapi? Kwa Willy Ley, Mjerumani wa mambo ya roketi aliyehamia Marekani, aliandika makala 1947 kwamba Berlin kulikua na kikundi kinatafuta Vril kwa kukodolea macho epo lililokatwa nusu. Epo jamani! Na Ley mwenyewe alisema wazi hicho kikundi kimezaliwa na riwaya, ila waliomfuata hapo wakaruka kama hawajaona.

Usiishie hapo. 1888 kuna mama wa mambo ya siri, Helena Blavatsky, yeye alisema jina laweza kua la kutunga ila nguvu yenyewe ipo kweli. Hiyo sentensi ndo fundi wa yote, maana ukishaikubali, riwaya inageuka ushahidi.

Vuta mara ya mwisho, nanga hii hapa: 1871, Uingereza, Edward Bulwer-Lytton katoa ile riwaya yenyewe, The Coming Race, bila kuweka jina lake. Jamaa anashuka mgodini anakuta watu wenye mabawa ya kuvaa na fimbo za Vril, mtoto mdogo tu anaweza kuteketeza mji. Nyuma ya hapo Vril haipo.

Ukitaka kuhakikisha, tazama wasomaji wa wakati ule walifanyaje. Mchuzi mzito wa ng'ombe wa kwenye chupa ukaitwa Bovril, ng'ombe kuunganishwa na Vril. Machi 1891 watu wakajazana Royal Albert Hall, London, kwenye tamasha la kuchangisha hela, wamevaa kama watu wa kitabuni. Walijua ni hadithi, wakajifurahisha.

Nilimpitisha mzee hatua zote hizo na ya Amboni nikamwambia ni maji yamekula mawe ya chokaa miaka na miaka, akamaliza kahawa yake taratibu, akauliza, haya, na rupia je?

Za rupia sijavuta bado.