Namna ya Kujenga Kazi ya Uchekeshaji wa Jukwaani na Uigizaji wa Wahusika

Anayetaka kuishi kwa kuchekesha anapaswa kufahamu mapema kwamba atakuwa na kazi mbili. Jukwaani husimama peke yake na kipaza sauti, akisema kwa jina lake. Katika igizo hujificha nyuma ya mtu mwingine, na akifaulu sana mtu huyo humeza jina lake. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alijulikana kwa Wakenya wengi kama Mzee Ojwang, na Amri Athumani wa Tanga, aliyefariki mwaka 2018, ni King Majuto hata kwa wasiojua jina alilopewa na wazazi wake.

Anza na jukwaa, kwa sababu ukumbi hujibu papo hapo. Usitegemee sifa za kijiweni, maana kijiweni wanakucheka kwa kuwa wanakujua. Andaa dakika tano tu, uziandike neno kwa neno, ujirekodi kwa simu kila unapopanda, kisha usikilize kicheko kilianzia wapi. Chukua kisa hiki: "Konda akaniambia nafasi ndani ipo tele, gari likaondoka, mguu wangu ukiwa bado Mbagala." Kicheko kimefungwa katika neno la mwisho. Ukiongeza "nami nikaumia sana", umewapa watu la kuhurumia kabla hawajacheka. Hivyo, kila kinachofuata neno lenye kuchekesha kifutwe, hata kama unakipenda.

Mhusika hujengwa kwa njia nyingine. Tumbo la mto na kofia iliyopinda ni mavazi tu, na lafudhi ya kabila fulani, kwa maoni yangu, ni kicheko cha bei rahisi kisichodumu zaidi ya onyesho moja. Tafuta kwanza mhusika wako anataka nini na anamficha nani nini: mlevi hachekeshi kwa kuyumba, bali kwa jitihada anazofanya ili mkwewe asigundue kwamba anayumba. Ukishalijua hilo, mwendo na sauti hufuata. Mtazame mchekeshaji wa Tanzania Lucas Mhuvile, yaani Joti, anavyotoka kwa mzee na kuingia kwa mtoto au mwanamke. Zaidi ya nguo, hubadilisha pumzi na kasi ya kusema.

Kisha kuna mikataba, ambayo wachekeshaji wengi huisaini wakiwa bado na furaha ya kuitwa. Kwa Tanzania, jisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na usajili kazi zako zilizorekodiwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Unapoitwa kwenye tangazo la biashara, hakikisha mkataba unaandika litarushwa kwa muda gani, katika vyombo vipi, malipo yatafanyika lini, na iwapo mhusika uliyemuunda atabaki kuwa wako baada ya tangazo kuisha. Kifungu hicho kikikosekana, omba kiandikwe kabla ya siku ya kurekodi.