Umepata kazi mpya Kampala na unataka nyumba smati? Nunua kwa mpango huu

Hongera mtu wangu. Barua ya kazi ikiingia kwenye simu wengi wetu hatufiki hata ukurasa wa pili, tunatafuta ile namba ya mshahara tu alafu tunaanza kupanga vitu smati, vile vya kuendesha kwa simu, balbu za kubadilisha rangi, kamera ya mlangoni, spika ya kuongea nayo. Na mimi nilikuwa hivo hivo. Nilitoka Arua na basi la usiku, begi moja, nikaingia muzigo, vile vijumba vya kupanga vya mstari, wa vyumba viwili huku Kireka pembeni ya Kampala, na wiki ya kwanza nikawa nina balbu tatu smati ambazo hata moja haikuingia kwenye holda ya nyumba ile. Balbu za skruu, holda za pini. Nilizitazama mezani mwezi mzima.

Kwa hiyo tuanze na pesa kabla ya balbu. Ile namba ya kwenye barua si yako yote. Tuchukue mfano wa shilingi milioni moja na nusu kwa mwezi: PAYE, ile kodi ya mshahara, kwa ngazi nilizokatwa mimi, 235,000 za kwanza haziguswi, mpaka 335,000 wanakata asilimia 10, mpaka 410,000 asilimia 20, na kinachozidi hapo asilimia 30, ukijumlisha ni 352,000 imeenda. NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, asilimia 5 yako ni 75,000, bosi anaweka 10 yake juu lakini hiyo huishiki leo wala kesho. Unabaki na 1,073,000. Toa kodi ya nyumba, na landilodi wengi wanataka miezi kadhaa kwa mpigo, toa taxi za kwenda na kurudi, toa chakula, toa ya mama nyumbani maana ukishapata kazi simu zinaanza kuita bila kukosa. Kinachobaki hapo ndo unakitazama, na mimi huwa nachukua sehemu moja tu ya kumi ya hicho kilichobaki kwa mambo ya vifaa, ndogo sana najua, lakini ndo inanifanya nisinunue ujinga.

Jambo lingine la ofisini. Wiki ya kwanza peleka TIN, ile namba ya mlipa kodi, namba ya NSSF, kitambulisho cha taifa na akaunti ya benki kwa watu wa mishahara, maana wakishafunga hesabu za mwezi na wewe hauko kwenye orodha utasubiri mwezi unaofuata, na kama ulikuwa umeshakopa plagi na kamera kwa mtu wa duka utaanza kupita njia ya nyuma. Alafu kuna kipindi cha majaribio kazini. Sheria ya ajira ya 2006 inaruhusu mpaka miezi 6, inaweza kuongezwa ukikubali, na ndani ya muda huo wanaweza kukuachisha kwa notisi ya siku 14 tu. Siku 14! Usichukue kitu chochote cha kulipa polepole mpaka upewe ile barua ya kuthibitishwa.

Siku 30 za kwanza usinunue kitu, andika tu. Mimi nilikuwa na noti kwenye simu, kila kitu cha nyumba kilichonisumbua nakiandika hapo hapo. Mwisho wa mwezi ilikuwa na mambo matatu: nikiwa steji nawaza kama pasi nimeizima, Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, inaisha haraka kuliko ninavoelewa, na nikirudi usiku varanda ni giza kabisa natafuta tundu la kufuli na tochi ya simu mdomoni. Hakuna mahali nilipoandika nataka kuongea na spika. Kumbe ile spika niliitaka kwa sababu niliona kwa mtu. Na kwa taarifa yako, Alexa, ile sauti ya kwenye spika za Amazon, haina Kiswahili, utakuwa unaamrisha taa za nyumba yako kwa Kiingereza kama uko kwenye intaviu.

Sasa kitu cha kwanza kabisa kununua si smati hata kidogo, ni cha umeme. Stima inakatika, inajua hata mtoto, UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, wamechukua kazi toka Aprili 2025 na bado inakatika, na shida kubwa ni pale inaporudi, inarudi na nguvu inayopanda na kushuka. Weka ile gadi ya friji au ekstensheni yenye kinga kabla hujachomeka kitu cha bei. Cha pili ni rauta na kabetri kake. Kuna zile UPS ndogo kama kitabu, zinatoa volti 9 au 12, angalia chaja ya rauta yako imeandikwa volti ngapi na ampea ngapi ulinganishe. Ya 8,800 mAh kwa rauta inayokula wati 8 hivi inakupa karibu masaa matatu, na bila hiyo stima ikienda kamera na vingine vyote vinalala hata kama vina betri zao.

Na usitegemee MiFi, kale karauta ka mfukoni ka laini ya simu. Mimi nilianza na MiFi, asubuhi naibeba kwenye begi naenda nayo kazini, alafu saa nne niko ofisini nafungua apu nashangaa kwa nini nyumba nzima haijibu. Intaneti ya nyumba nilikuwa nayo kwenye begi.

Hapo ndo tunafika kwenye kifaa chenyewe, na ukiniuliza cha kwanza ni plagi smati yenye kupima umeme. Moja tu. Iwe ya pini tatu za mraba na iandikwe volti 240, usidanganywe na zile za pini mbili bapa zinazouzwa rahisi, nyingine ni za volti 120 za Marekani, zikionja umeme wa hapa unasikia tu pah. Alafu soma ampea. Ampea 10 mara volti 240 ni wati 2,400, hapo pasi na pakoleta, ile birika ya umeme, zinapita ila karibu na ukingo, mimi nachagua ya 13 au 16 niwe na nafasi. Shawa ya kuchemsha maji papo hapo usiiguse kabisa, zile zinakula wati 5,000 na zaidi, hiyo ni zaidi ya ampea 20, plagi itayeyuka ukutani.

Ukishapata plagi, zungusha. Siku mbili kwenye friji, siku mbili kwenye tivi, siku mbili kwenye pakoleta, unaandika yuniti, zile za umeme unazonunua kwenye Yaka. Pakoleta ya wati 2,000 ikichemsha dakika 6 ni yuniti 0.2, si mwizi kama nilivodhani. Mwizi wangu alikuwa friji, niliinunua imeshatumika, ilikuwa inakula yuniti 2 kwa siku, yaani 60 kwa mwezi, mpira wa mlango umechoka. Nilibadilisha mpira. Hiyo plagi ilirudisha pesa yake kabla sijaiwasha hata mara moja kwa simu. Sasa iko kwenye pasi, nimeiwekea saa mbili kamili asubuhi ijizime yenyewe nitake nisitake.

Kuunganisha ndo kunawashinda wengi kwa hiyo nitaenda polepole. Vifaa vingi vya bei yetu vinasikia waifai ya 2.4 GHz tu, ya 5 GHz havioni, na rauta nyingi zinatoa zote mbili kwa jina moja. Ingia kwenye seting za rauta, tenganisha majina, mfano nyumbani na nyumbani5, simu yako iweke kwenye ile ya 2.4. Chomeka plagi karibu na rauta kwanza, usiende nayo jikoni. Bonyeza kitufe chake ushike kama sekunde 5 mpaka taa yake ndogo ipepese harakaharaka, fungua apu, ongeza kifaa, andika paswedi ya waifai kwa umakini herufi kubwa na ndogo, subiri. Ikikataa mara ya pili usirudie mara kumi kwa hasira, zima data ya simu kwanza ujaribu tena, mara nyingi simu inakuwa imekimbilia kwenye data.

Balbu sasa. Panda kwenye kiti, toa balbu iliyopo, iangalie makalio: ina pini mbili pembeni au ina skruu? Piga picha uende nayo dukani. Alafu siku ya kwanza kabisa tafuta kwenye apu ile seting ya hali baada ya umeme kurudi, uweke ibaki kama ilivokuwa au izime. Sikujua hiyo. Usiku wa Jumatano, stima ilikuwa imekatika toka jioni, ikarudi saa tisa usiku na balbu ya chumbani ikawaka nyeupe asilimia mia juu ya uso wangu, nikaruka nikidhani ni wezi wamemulika, na kesho yake nilikuwa na mkutano wa kwanza na bosi, macho mekundu kama mtu wa kwenye baa. Balbu nyingi zinatoka kiwandani hivo, zinawaka tu umeme ukirudi.

Ya varanda kuipangia muda ni rahisi sana kwetu, jua linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima, unaweka saa moja kasoro robo iwake, saa tano izime, na hugusi tena. Shida ni swichi ya ukutani. Mtu akiizima balbu inakufa, apu haiwezi kitu. Shangazi alikuja kunitembelea, kila taa anayopita anazima, kwake ni adabu na Yaka ni pesa, sasa utamwambia nini shangazi? Nilibandika selotepu juu ya swichi. Akaibandua akidhani ni uchafu.

Kamera nunua mwisho, na uweke hesabu ya bando kwanza. Kamera ikituma picha kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde mfululizo inakula kama GB 10.8 kwa siku moja, hakuna mshahara wa majaribio unaoweza hiyo. Chukua ya kadi ya memori, iweke irekodi pale tu kitu kikipita, na wewe ufungue kuangalia pale ikikuita. Badilisha paswedi iliyokuja nayo siku hiyo hiyo. Na ielekeze mlango wako, si mlango wa jirani wala bafu la kompaundi, sheria ya kulinda data iko toka 2019 na hata isingekuwepo majirani wa muzigo watakumaliza kwa maneno. Mwambie landilodi kabla ya kutoboa ukuta.

Dukani, omba muuzaji awashe kifaa na akiunganishe kwa hotspoti ya simu yako kabla hujalipa, akikataa toka, arkedi, lile jengo la maduka, ina maduka mengine hamsini. Lipa MoMo, ile pesa ya kwenye simu, moja kwa moja kwa namba ya malipo ya duka, ukitoa keshi unakatwa gharama ya kutoa na ushuru wa asilimia 0.5 juu yake. Ukiona alama ya Matter kwenye boksi ni vizuri, ilianza 2022, inamaanisha hufungwi kwenye apu ya kampuni moja. Lakini usiongeze pesa nyingi kwa ajili hiyo tu.

Na ukihama, maana kazi ikinyooka utahama, usiku wa mwisho futa kila kifaa kwenye apu, bonyeza kile kitufe mpaka kijisahau, toa balbu zako na urudishe zile za zamani za landilodi. Zangu za pini zilizokuja na nyumba nimezifunga kwenye kavera, mfuko wa plastiki, juu ya kabati.