SOMO: Kushuka bandarini ukiwa mfanyakazi wa meli ya watalii

Kila nikija Kisumu likizo swali ni lile lile, kuanzia stejini Kondele hadi kwenye simu: "Kwani nyinyi huwa mnaruhusiwa kushuka?" Tunaruhusiwa. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006 unataka baharia apewe ruhusa ya kwenda nchi kavu, mradi kazi yake inaruhusu. Nimeandika ya Karibi, ninakozijua bandari. Atakayeniuliza tena nitamtumia hii.

1. Angalia zamu yako usiku uliotangulia.

2. Hakikisha hujapangiwa IPM, zamu ya kubaki. Hata meli ikiwa gatini lazima wabaki watu wa kutosha kuzima moto na kushusha mashua za uokoaji. Ukipangiwa unabaki, hata kama huna kazi ya kufanya. Mnaweza kubadilishana, ila msimamizi ajue.

3. Beba kadi ya meli, nakala ya pasipoti (yenyewe hukaa ofisini melini), maji, pesa kidogo.

4. SAA. Hapa soma polepole. Meli ina saa yake, na si lazima ilingane na ya bandari. Chukua Cozumel, Mexico. Jimbo la Quintana Roo tangu 2015 halibadilishi saa mwaka mzima, lakini Florida, zinakotoka meli nyingi za Karibi, husogeza saa mbele kuanzia Machi hadi Novemba. Miezi hiyo, meli iliyobaki na saa ya Miami ikisema saa kumi, simu yako iliyoshika mtandao wa Cozumel inasema saa tisa. Wewe unaagiza taco nyingine, wenzako wanafungua kamba. Jamaica ni hivyo hivyo. Kwa hiyo vaa saa ya mkononi ya kawaida, ilinganishe na ile ya mlangoni pa meli, kisha usiiguse. Kwenye simu zima sehemu inayobadilisha saa yenyewe. Na USIFUATE saa ya kurudi waliyopewa abiria: ya wafanyakazi huwa mapema zaidi. Piga picha ubao wa mlangoni. Namba ya wakala wa meli bandarini iandike kwenye karatasi, maana simu huzima. Ukiachwa unaweza kujilipia nauli hadi bandari inayofuata, na kazi yenyewe ikaishia hapo.

5. Meli ikitia nanga nje, kama George Town kule Grand Cayman, watu huvushwa kwa mashua na abiria hutangulia. Kama mapumziko yako ni saa mbili tu, lala.

6. Usirudi umelewa. Kuna kipimo cha pumzi.

7. Achana na teksi za getini. Bridgetown, Barbados, tembea hadi mjini upande ZR, vile vigari vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee. Ni matatu kabisa: muziki juu, mmebanana, kondakta anaita. Nauli ni 3.50 za kwao, na dola 1 ya Marekani ni 2 za Barbados. Chenji utarudishiwa ya kwao.

MASWALI

Kijana wa Nakuru: Naomba namba ya ajenti wa kazi za meli.
— Somo ni la kushuka. Ila ajenti akikuomba pesa ya kukupa kazi, kimbia. Mkataba huo huo wa 2006 unakataza.

Omera254: Lakini simu si hujirekebisha saa yenyewe?
— Ndiyo shida yenyewe. Hatua ya 4.

Omera254: Nimesoma juu juu tu, usinikaripie.
— Basi isome yote. Meli haitakusubiri kwa sababu ulisoma juu juu.

Nyar Dunga: Dada, mimi naogopa maji ya kina. Kuna ufuo mtulivu?
— Swali zuri, mdogo wangu. Carlisle Bay, hapo hapo Bridgetown. Maji yametulia, na unaweza kufika kwa miguu ukipitia mjini. Jihadhari na mti wa manchineel, wenye matunda ya kijani kama tufaha dogo. Ni sumu, na utomvu wake huchoma ngozi. Mvua ikinyesha usijikinge chini yake. Mingi huwekwa alama nyekundu shinani. Na usivae nguo za rangi za kijeshi, hata begi. Barbados ni kosa kisheria.

Nyar Dunga: Asante sana dada. Na chakula?
— Tafuta cou-cou na samaki arukaye, chakula chao cha taifa. Cou-cou ni unga wa mahindi uliosongwa pamoja na bamia.

Omera254: Ugali na bamia kwenye sufuria moja? Hapana.
— Onja kwanza. Unasongwa na mwiko wa mbao pia.

Mama Baraka: Mwanangu yuko huko, hupiga simu usiku wa manane.
— Mama, mwambie apige akishuka mchana. Saa sita mchana Barbados ni saa moja jioni kwetu.