SOMO: Kuchagua globu za LED (na zile za kuwasha kwa simu) zisizokufa baada ya miezi miwili

Wakuu, salaam. Juzi Jumamosi nimebadilisha globu ya nne sebuleni tangu mwaka uanze, nikasema hii siitupi mpaka nijue imekufa na nini. Nikaikwangua gundi kwa kisu, kofia ya plastiki ikachomoka. Ndani kuna kibati chenye vidonge 12 vya njano (ndivyo LED zenyewe, vinavyotoa mwanga), na kimoja kina doa jeusi kama ncha ya penseli. Basi, ni hicho tu. Vidonge vimeungwa kwa mfululizo, kimoja kikiungua vyote vinazima. Kishina chake ni plastiki tupu, hakuna pa kutolea joto. Boksi limeandikwa wati 18, saa 25,000!

1. Holda. Ya pini ni B22, ya kuzungusha ni E27. Angalia kabla hujatoka nyumbani.

2. Soma lumeni, wati ziache. Wati ni umeme unaoliwa, lumeni ndiyo mwanga. Globu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni kama 800. LED nzuri inafika hapo kwa wati 8 hadi 10. Boksi likitaja wati kubwa bila lumeni, rudisha kwenye shelfu.

3. Volti. Umeme wetu ni volti 230 kwenye karatasi. Mliopo mwisho wa laini mnajua saa moja jioni, watu wakianza kupika, unavyoshuka. Tafuta iliyoandikwa 100–265V. Ya 220–240V umeme ukishuka sana inaanza kuchezacheza.

4. Ipime mkononi. Hapa ndipo penyewe. Shika mbili za wati sawa, moja kila mkono. Nzito mara nyingi ina alumini ndani ya kubeba joto, na joto ndilo linaloua LED na saketi yake. Kwa sababu hiyohiyo usiifungie ndani ya kivuli cha kioo kilichozibwa pande zote, labda boksi liruhusu.

5. Iwashwe dukani. Elekeza kamera ya simu kwenye mwanga. Ukiona michirizi inatembea kwenye skrini, globu inapepesa hata kama jicho halioni. Chukua risiti yenye waranti.

6. Rangi. Namba yenye K (kelvini) ndiyo inayotaja rangi ya mwanga: 2700K–3000K ni njano tulivu, 6500K ni nyeupe ya kubluu. Wengi wetu tunapenda 6500K kila chumba. Mimi chumbani naona kama nimelazwa zahanati.

7. Za simu. Nyingi zinakamata Wi-Fi ya 2.4GHz tu, kwa hiyo ruta ikiwa kwenye 5GHz peke yake utahangaika bure. Za Zigbee (mawasiliano ya redio ya vifaa vya nyumbani, si Wi-Fi) zinahitaji kituo chake, yaani kiboksi cha kuziunganisha na simu. Na swichi ya ukutani ibaki ON muda wote: bibi akiizima, simu yako haina la kufanya. Pia ingia kwenye programu uchague globu ifanye nini umeme ukirudi. Yangu sikuigusa, umeme ukarudi saa tisa usiku, chumba kizima kikawaka mwanga wa kiwanjani.

MASWALI

*Mkuu, yangu nikizima inabaki na mwanga hafifu. Mbovu?*
Si lazima. Swichi yenye kitaa kidogo hufanya hivyo. Ila inawezekana fundi aliweka swichi kwenye waya wa nyutro badala ya laivu (unaoleta umeme), na hapo holda ina umeme hata ukizima. Usiiguse, ita fundi.

*Luku itashuka kweli?*
Piga hesabu: saa 5 kwa siku, siku 30. Ya wati 60 inakula uniti 9, ya wati 9 inakula 1.35. Ukitoka LED ya kawaida kwenda ya simu usitegemee nafuu, maana hiyo inakula kidogo hata ikiwa imezimwa kwa simu.

*Na zile za chaji, zenye betri ndani?*
Kwa korido na jikoni ziko poa. Betri ndiyo hutangulia kufa.

*Kaka, hiyo uliyoipasua haitengenezeki?*
Inatengenezeka. Mafundi wanaruka kidonge kilichoungua kwa risasi ya kulehemu, ingawa vilivyobaki mara nyingi vinabeba mzigo zaidi. Zima na uchomoe kabisa kwanza. Yangu nimeiunga, nikaipeleka choo cha nje. Mpaka leo inawaka.