Mpira wa presha wa mashine ya kuoshea zulia: lini ukate, lini ubane upya, lini utupe

Mpira wa presha ukipasuka, usikimbilie spana. Ua presha kwanza. Naanza na hili kwa sababu kijana niliyekuwa nikifanya kazi naye alizima swichi, akasikia mashine imenyamaza, akaanza kulegeza nati ya kiungo. Kumbe ndani ya mpira presha ilikuwa ingali imejifungia. Ile ncha iliruka ikampiga chini ya jicho. Jicho lilisalimika, Alhamdulillahi, lakini kovu analo hadi leo. Tulikuwa msikitini, zimebaki siku mbili mwezi wa Ramadhani uandame, nusu ya mazulia yamelowa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimhimiza afanye haraka.

Kwa hivyo hatua ya kwanza: zima mashine, chomoa waya kwenye soketi, funga maji, kisha bana triga ya fimbo ya kunyunyizia mpaka maji yaache kutoka kabisa. Kama mashine yako inapasha maji moto, iache ipoe.

Hatua ya pili ni kutafuta panapovuja. Kausha mpira wote kwa tambara, unyooshe sakafuni, washa mashine kidogo utazame ukiwa mbali. Usipitishe mkono kupapasa. Maji yanayotoka kwenye tundu la sindano kwa presha ya psi 100 tu, yaani kama baa 7, yaweza kutoboa ngozi, na mashine nyingi za kubeba za kuoshea zulia hufanya kazi kati ya psi 100 na 500. Pitisha kipande cha katoni juu ya mpira. Kikilowa mahali pamoja, umepapata. Kisha ua presha tena kama mwanzo.

Kama ni kwenye kiungo, fungua utazame oringi, ile pete ya kuzibia, kabla ya kulaumu mpira. Mara nyingi ni hiyo tu: imekuwa bapa, ngumu, au ina mpasuko. Badilisha uendelee na kazi yako.

Kama ni kwenye mwili wa mpira, sikiliza vizuri. Mwili wa mpira wa presha hauzibwi. Si kwa gundi, si kwa utepe, si kwa kuchomeka kipande cha bomba ndani na kukaza klipu mbili za skrubu. Klipu hizo ni za mpira wa bustani. Lililopo ni kukata sehemu mbovu na kubana fitingi mpya, yaani kiungo cha chuma cha mwisho wa mpira, au kununua mpira mzima. Ukiona lengelenge, maji yameshapita mpira wa ndani na yamekaa chini ya ngozi ya nje; sehemu hiyo imekwisha hata kama haijavuja tone.

Hapa Mombasa kuna adui mwingine. Hewa yenyewe ina chumvi, na wengi wetu tunaoshea maji ya kisima ambayo nayo yana chumvi. Ngozi ya nje ikichubuka kwenye ngazi au ukingo wa mlango, ule wavu wa waya wa ndani huanza kula kutu, na kutu haikai pale palipochubuka. Niliwahi kukata mpira wenye mchubuko mdogo kama ukucha. Nikakata upana wa kidole kutoka hapo: waya mwekundu kama ukwaju, wakatika ukiugusa. Nikarudi nyuma shibiri nzima, bado. Nilifika karibu nusu mita ndipo nikaona waya unaong'aa kama sindano mpya. Hiyo ndiyo kanuni yangu ya kukata: rudi nyuma mpaka waya ung'ae. Ukirudi mara tatu na bado ni mwekundu, tupa mpira.

Ukikata, kata mraba, si mshazari. Msumeno wa chuma wenye meno madogo unatosha. Kwenye duka watatumia grainda. Baadaye toa vumbi lote la mpira lililoingia ndani, maana likibaki litakwenda kuziba nozeli, ile ncha ya kutolea maji.

Sasa fitingi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mashine nyingi za zulia hutumia mpira wa robo inchi ndani, yaani milimita 6. Lakini robo inchi ya nyuzi, yaani mistari ya skrubu ya kufungia, si moja. Mashine zilizoundwa Marekani huja na nyuzi za NPT, kipimo cha Kimarekani, ambazo kwa robo inchi ni 18 kwa kila inchi, zenye pembe ya digrii 60. Fitingi nyingi madukani kwetu ni BSP, kipimo cha Kiingereza: nyuzi 19, pembe ya digrii 55. Kwa macho ni ndugu mapacha. Utaifunga, itaingia mizunguko miwili mitatu, ikaze, nawe useme imeshika. Haikushika. Ukizidi kulazimisha utaharibu nyuzi za pampu, na hiyo ni hasara kubwa kuliko mpira. Nenda dukani na fitingi ya zamani mkononi, usiende na maelezo ya mdomo.

Kubana mwachie mwenye mashine ya kubania. Mkia wa fitingi uingie ndani ya mpira hadi mwisho, kikombe cha chuma kikae juu yake, kisha kibanwe kwa kipimo cha fitingi hiyo na mpira huo. Mwombe apime kipenyo baada ya kubana. Fitingi iliyowahi kubanwa haitumiki tena. Akikuambia ataifungua na kuirudisha, mkatalie kwa heshima.

Ukiwa hapo, soma maandishi ya mpira anaotaka kukuuzia. Ule mweusi wa haidroliki wa malori, ulioandikwa EN 853 1SN (alama ya kiwango cha Ulaya), kwa robo inchi unabeba baa 225, presha ya kutosha kabisa. Tatizo ni joto: kiwango chake ni digrii 100 kwa oili, lakini 70 tu kwa maji. Kama mashine yako inapasha zaidi ya hapo, tafuta mpira wa maji moto. Tena ngozi nyeusi huacha alama kwenye zulia jeupe la mtu, na mpira uliowahi kupitisha oili usiukaribishe kabisa.

Mwisho, jaribu. Chora alama kwa kalamu pale kikombe kinapokutana na mpira. Toa nozeli, pitisha maji dakika moja mpaka yawe safi, rudisha nozeli, pandisha presha polepole huku umesimama kando, si mbele ya kiungo. Iache dakika chache. Ile alama ikisogea hata milimita moja, fitingi inatoka. Zima, ua presha, urudishe dukani.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Likoni: Salaam aleikum fundi. Mashine yangu haivuji asubuhi, ila maji yakishapata moto, kiungo chaanza kutiririka. Nimeipaka oringi mafuta ya mgando lakini wapi.

Jibu: Waaleikum salaam dada yangu. Hayo mafuta huenda ndiyo yanayoiumiza. Oringi nyingi za maji moto ni za EPDM, aina ya mpira wa viwandani, na mpira huo huvimba ukikutana na mafuta ya petroli, na mafuta ya mgando ni jamii hiyo. Weka oringi mpya, uipake grisi ya silikoni kidogo tu.

Swali, kutoka Kisauni: Kaka, mimi nimefunga mpira wa tyubu ya baiskeli mizunguko kumi na nimemaliza kazi ya leo. Kuna ubaya?

Jibu: Ndugu yangu, ubaya upo. Tyubu haishiki presha, inaficha tu panapovuja, na ukiushika mpira hapo mkono wako uko juu ya tundu. Ikate leo, tafadhali. Tyubu yafaa kwenye bomba la kunyonyea maji machafu, kwa kuwa hilo halina presha.

Swali, kutoka Bamburi: Mwenzangu amechomwa na maji ya presha kidoleni. Ni kitone tu, hakiumi sana. Atie dawa gani?

Jibu: Asitie dawa, aende hospitali sasa hivi. Pale Coast General au yoyote iliyo karibu yenye daktari wa upasuaji. Amwambie daktari wazi kwamba ni maji yenye sabuni yaliyoingia kwa presha, wasidhani amechomwa na mwiba. Nje huonekana kitone, ndani maji yamesafiri kando ya kano za kidole, na saa chache zaweza kuamua kama kidole kitabaki. Nijulishe akifika.

Jibu kutoka Bamburi: Tuko njiani. Anasema kimeanza kuvimba.