Kabla hujasaini postidoki ya elimu ya mazingira kwa vijana

Tangazo la postidoki, yaani kazi ya utafiti ya muda baada ya uzamivu, linasema miezi 24. Kabla hujafurahi, toa miezi ambayo si yako. Anayetafiti udongo anaweza kuchimba hata Desemba. Wewe unawatafuta wanafunzi wa sekondari, na hao ni wa shule, ni wa wazazi wao na wako chini ya serikali kabla hawajawa washiriki wa utafiti wako. Kila mmoja wa hao ana kalenda yake, na hakuna hata mmoja anayeijua kalenda ya mkataba wako. Mimi nilimaliza postidoki yangu na nusu ya takwimu nilizoahidi. Nawajua wengine wawili yaliyowakuta ni hayo hayo. Ndiyo maana naandika.

Yale mepesi tuyapitie haraka. Cheti cha uzamivu kiwe mkononi, au angalau barua rasmi ya chuo inayosema umekamilisha kila kitu. Pasipoti iwe na uhai unaozidi mkataba. Ukomo wa miaka usome mwenyewe, usiambiwe: ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Ulaya umekuwa ukitaka usiwe umepita miaka 8 tangu upate uzamivu, na kwa nafasi za ndani ya Ulaya usiwe umeishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12, ndani ya miezi 36 iliyopita, katika nchi unayotaka kwenda. Ukienda Marekani kwa viza ya J-1 kama mtafiti, jua kwamba ukishamaliza programu yako huwezi kurudi kwa daraja hilo hilo mpaka ipite miezi 24. Uliza pia kama ni mshahara au ni posho ya ufadhili, maana bima, kodi na likizo ya uzazi vinafuata jibu la swali hilo. Kama una watoto, uliza kabla, usione haya.

Muulize kiongozi wa mradi takwimu ni za nani. Nani jina la kwanza kwenye makala? Mkataba ukiisha, unaondoka na faili lako au unaliacha? Majibu yaje kwa barua pepe. Yaliyosemwa kwenye simu hayana shahidi.

Sasa dodoso. Mradi mwingi wa aina hii unakuja na kipimo cha mtazamo kuhusu mazingira kilichotengenezwa kwingine, na kinachojulikana zaidi ni kile cha Dunlap na Van Liere cha mwaka 1978, kilichoboreshwa mwaka 2000 kikawa na kauli 15. Kauli mojawapo inaifananisha dunia na chombo cha angani chenye nafasi finyu. Nilipoijaribu kwa kidato cha tatu kwenye milima ya Usambara, binti mmoja alinyosha mkono akauliza kama chombo hicho ni ndege ya abiria au ya mizigo. Swali zuri kabisa, na dodoso langu halikuwa na jibu lake.

Neno "mazingira" lenyewe nalo lina kazi nyingine shuleni. Mwanafunzi wa Tanzania akisema "zamu ya mazingira" anamaanisha fagio, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya paredi. Ukimuuliza anafanya nini kwa ajili ya mazingira, atakujibu kwa ukweli mtupu: nafagia. Zaidi ya hapo, katika shule nyingi kumwagilia miti na kuchimba mashimo ya kupandia ni adhabu ya wachelewaji. Halafu unakuja na kipimo chako cha mtazamo, unaona alama za kupenda upandaji miti ziko chini, unaandika kwamba vijana hawana mwamko. Hapana! Umepima jinsi wanavyoichukia adhabu. Omba wiki mbili za kujaribu maswali kabla ya kazi yenyewe, na ziandikwe kwenye mpango wa mradi kama kazi inayolipwa.

Usidhani unaanzia sifuri, vilevile. Klabu za Wanyamapori za Kenya zipo tangu 1968, Malihai huku kwetu tangu 1980, na Roots & Shoots ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, akiwa na wanafunzi 12. Ukitafuta shule ya kulinganishia isiyo na klabu ya mazingira, usiridhike na orodha ya halmashauri. Nenda. Unaweza kukuta kibao kilichofutika rangi nyuma ya maabara na mwalimu mlezi aliyehama, lakini wanafunzi bado wanaimba nyimbo za klabu. Hiyo si shule isiyo na klabu.

Vibali ni foleni, na foleni ina mpangilio. Kamati ya maadili ya chuo chako cha ughaibuni kwanza. Kisha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kwa Tanzania Bara (Zanzibar ina utaratibu wake, na Kenya utakwenda kwa tume yao, NACOSTI). Halafu barua inashuka: TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa), mkoa, halmashauri, afisa elimu, mkuu wa shule. Kila ngazi inataka kuona barua ya ngazi ya juu yake yenye mhuri. Chapa nakala nyingi na zibebe mkononi, maana barua iliyo kwenye simu haigongwi mhuri. Kama wewe ni raia usijidanganye kwamba huhitaji kibali kwa sababu uko nyumbani.

Hapo ndipo watu wengi huacha kusoma, wakidhani kibali cha serikali kimemaliza kila kitu. Mimi nilidhani hivyo. Kilichonikwamisha ni karatasi moja ya ukurasa mmoja: ridhaa ya mzazi.

Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo karibu kidato chote cha tatu kilihitaji mzazi au mlezi kusaini. Mkataba wangu ulianza Septemba. Vibali vilikamilika Mei, Juni shule zikafunga, nikaingia shuleni Julai nikiwa tayari nimetumia miezi kumi. Nilikuwa na haraka. Ijumaa mchana niligawa fomu 64 darasani, nikaeleza kwa dakika kumi, nikasema zirudi Jumatatu. Jumatatu asubuhi kiranja akaniletea bunda lote, limefungwa kwa uzi, hakuna hata moja iliyokosekana. Nilimshukuru sana. Jumanne na Jumatano nikafanya dodoso la awali.

Jumatano usiku nilikuwa gesti, nazipa fomu namba moja moja. Nilipofika kama ya kumi hivi nikaona herufi M ya neno "Mzazi" ina mkia mrefu unaokwenda chini ya mstari. Nikarudi ya tisa, mkia ule ule. Ya nane, ule ule. Nikazitandaza kitandani. Majina yalikuwa tofauti, saini zilikuwa za mtu mmoja. Kuanzia fomu ya 31 wino wa bluu ulianza kukwama, halafu ukawa mweusi. Kalamu ilikuwa imeisha, akachukua nyingine akaendelea.

Kesho yake nilimwita kiranja pembeni, nikamuuliza taratibu. Wala hakuficha. "Madam, tuliona una haraka. Na wa bweni wazazi wao wako mbali, wengine Handeni, wengine Korogwe. Nikasema nikusaidie." Alinitazama kama mtu anayesubiri kupongezwa. Mwalimu wa nidhamu alipouliza kuna tatizo gani, nilisema fomu zangu zina kasoro, nikaishia hapo. Kosa lilikuwa langu. Nilimpa mtoto siku mbili kufanya kazi ambayo mimi mtu mzima nilitakiwa kuifanya kwa miguu yangu.

Niliiandikia kamati ya maadili. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: madodoso yote 64 yawekwe kando, ridhaa ianze upya. Kikao cha wazazi kilichofuata kilikuwa mwisho wa Septemba. Oktoba madarasa yakaanza kupangwa kwa ajili ya mitihani ya taifa, Novemba kidato cha nne wakafanya mtihani wao, Desemba shule ikafunga. Dodoso la pili, lile la kupima mabadiliko, lilihitaji wanafunzi wale wale baada ya msimu mzima wa shughuli za klabu, na msimu huo ulikuwa umeshapita. Niliomba mkataba uongezwe miezi sita. Nilijibiwa kwa adabu kwamba fedha za mradi zina tarehe ya mwisho.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla hujasaini, pigia shule mbili tatu uulize kikao cha wazazi kiko lini na siku ya wazazi kutembelea bweni iko lini. Hizo ndizo tarehe zako za ridhaa, jenga ratiba kuzizunguka. Nenda mwenyewe kwenye kikao, msalimie mkuu wa shule, omba dakika ishirini, usome fomu kwa sauti, kwa Kiswahili, bila maneno ya kitaalamu. Bibi mmoja aliniuliza, "Mwanangu, huyu mjukuu wangu atapelekwa wapi?" Alidhani ni fomu ya safari. Nilimweleza, akaweka dole gumba, jirani yake akasaini kama shahidi. Kwa wazazi walio mbali, iombe kamati ya maadili tangu mwanzo ikuruhusu ridhaa ya simu yenye shahidi. Ukiomba baadaye utasubiri kama nilivyosubiri mimi. Mzazi akishakubali, muulize na mtoto mwenyewe, peke yake, na akikataa mwache aende.

Usichague kidato cha nne ukitaka kuwafuata mwaka mzima, maana Novemba wanaondoka. Kidato cha pili nao wana upimaji wao. Shughuli za kupanda miti zipange kwenye masika au vuli, hata kama mfadhili anataka picha Agosti. Picha zenyewe, kuwa makini nazo: uso wa mtoto ni taarifa binafsi, Tanzania ina sheria yake tangu 2022 na Ulaya ina yake, na ukurasa wa mradi hauhitaji sura ya mtu ili uonekane hai. Takwimu zihifadhi sehemu mbili. Usiahidi shule tangi la maji, wala vitabu, wala safari ya Gombe, kama hakuna kifungu cha bajeti kinachosema hivyo. Stakabadhi za bodaboda omba hata kama ni kipande cha daftari chenye saini. Na ukisema utarudi kuwasomea wanafunzi matokeo, nauli ya safari hiyo iandike kwenye bajeti sasa, ikipangwa mwezi wa 22 wa mkataba, kabla fedha haijaisha.