WhatsApp Ikitekwa, Anza na Laini

Meseji huja kwa jina la mtu unayemjua, shangazi wa Wete au mwenzako wa kikoba: "Nimekutumia namba sita kimakosa, nirejeshee." Ukizirejesha tu, WhatsApp yako imehamia simu nyengine, na jamaa zako wameanza kuombwa wakukopeshe laki mbili.

Kwanza tazama kama laini ina mtandao. Ikiwa imekatika ghafla na walio karibu nawe wanapata, huenda imehamishiwa kadi nyengine. Chukua kitambulisho, nenda duka la kampuni yako ya simu, uirejeshe na kuzuia akaunti ya pesa. Meseji za uthibitisho huingia kwenye laini, kwa hiyo mengine yote yanaisubiri.

Laini ikiwa salama, fungua WhatsApp, andika namba yako, kisha jaza tarakimu 6 zitakazokuja. Mwizi hutolewa papo hapo. Usibahatishe tarakimu, maana ukikosea mara nyingi utafungiwa kwa muda. Ukiulizwa PIN usiyoiweka, ni yake yeye: utasubiri siku 7 ndipo uingie bila hiyo PIN. Hata hivyo usiache kujaza zile tarakimu 6, kwani ndizo zinazomtoa. Katika siku hizo wapigie watu simu ya kawaida uwatahadharishe.

Pengine WhatsApp inafungua vizuri kwako na watu bado wanaombwa pesa. Hapo mwizi ameunganisha kifaa chake na chako. Gusa vidoti vitatu vya juu (kwa iPhone ingia Mipangilio), kisha Vifaa vilivyounganishwa, uondoe kila usichokitambua. Huyu tunamhofia zaidi, kwa sababu husoma hata mazungumzo ya zamani. Kama uliwahi kumtumia mtu nywila au picha ya kitambulisho humo, hesabu kuwa ameiona, na nywila hiyo ibadilishe leo.

Halafu Gmail. Badilisha nywila, kisha kagua namba na anwani za kurejeshea akaunti, pamoja na mpangilio wa kupeleka barua kwengine. Wezi hujiachia mlango hapo. Ukiwa umefungiwa nje, jaribu kwa simu unayoitumia siku zote, ukiwa nyumbani, kwani Google huangalia hayo. Kwa Facebook nenda facebook.com/hacked, na Instagram instagram.com/hacked. Anayetaka umlipe ili "akurejeshee akaunti" ni mwizi wa pili.

Ukishaingia WhatsApp, weka PIN ya hatua mbili, yaani ile inayoulizwa baada ya tarakimu 6, na barua pepe yako. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, na namba ya tapeli itume 15040. Aliyekwisha kutuma pesa aipigie kampuni ya simu mara moja, akiwa na namba ya muamala mkononi. Mazungumzo yapigeni picha kabla hamjafuta chochote, polisi watayahitaji.